Hatua Ambazo Babu Hakuzipiga

Kengele ya saa saba na nusu mchana ilipolia, wasichana wa darasa la sita walikimbilia uwanjani kucheza rede. Otilia Komba hakukimbia nao. Alikusanya madaftari yake, akayatia kwenye mfuko wa nailoni, akashika njia ya nyumbani peke yake, kwa sababu nyumbani kulikuwa na mtu mpweke kuliko yeye.

Ulikuwa mwaka 2004, na Kariakoo ilikuwa inabomolewa na kujengwa upya kila wiki. Katika Mtaa wa Kongo, spika za maduka ya kaseti zilishindana kupiga kelele. Bidhaa za Dubai na China zilipangwa mpaka katikati ya barabara: ndala, saa, vikokotoo, miavuli, wanasesere wenye macho ya buluu. Otilia alipita kiubavu-ubavu mpaka Mtaa wa Sikukuu, mahali nyumba yao ilipojulikana kwa ufupi wake. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, bati lake limeota kutu, imebanwa katikati ya maghorofa mawili mapya. Zamani mtaa mzima ulikuwa na nyumba kama hiyo. Wenye nyumba waliuza mmoja baada ya mwingine, wapangaji wakahamia Mbagala, Tabata na Kitunda, na wazee waliokuwa wakicheza bao na Babu Anselmi barazani wakaondoka na bao lao. Baraza yenyewe sasa ilikuwa imepangwa soksi na mikanda ya wamachinga.

Babu Anselmi alikuwa katika chumba kimoja walichopanga humo, vingine vikiwa stoo za bidhaa, kwenye kiti chake cha chuma, uso umeelekea mlangoni. Redio ndogo ilisema peke yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Ripoti."

"Wanafunzi hamsini na wawili. Waliohudhuria arobaini na saba. Mgonjwa mmoja, watoro wanne. Mwalimu Gaudens amefundisha desimali, na mimi nimepata nane kwa kumi."

"Mbili zimekwenda wapi?"

"Nimezikosa, babu."

"Vizuri. Angalau unajua zilipo."

Otilia aliangalia mezani. Sahani ya ugali na mlenda aliyoiacha mama tangu alfajiri ilikuwa bado imefunikwa kawa. Mama alikuwa mama lishe nyuma ya soko kuu, na alitoka kabla ya jua, akarudi jua likizama.

"Mbona hujala?"

"Nitakula," alisema babu, kama alivyosema kila siku. Kumbe chakula kilikuwa kikimshinda akiwa peke yake. Alisubiri mpaka Otilia akae, ndipo akanawa mikono.

Babu Anselmi alikuwa baba yake mama, ambaye Otilia alitumia jina lake la Komba, Mngoni wa Songea, sajini mstaafu wa jeshi. Mwaka 1979, katika Vita vya Kagera, alivuka mpaka pale Mutukula na kutembea kwa miguu mpaka Kampala, bunduki begani, miezi kwa miezi. Alirudi na kipande cha chuma katika paja la kushoto, na tangu siku hiyo mguu huo aliuburuta. Sasa alikuwa na miaka sitini na minne. Bibi alikwisha kufariki. Huu ulikuwa mwaka wa tatu tangu ugonjwa wa kisukari umwingie. Mtu aliyekwenda Kampala kwa miguu sasa alihesabu kuwa ni safari kutoka kitandani mpaka kwenye kiti.

Mwezi wa Januari, Sista Severine, muuguzi wa zahanati moja ya Ilala iliyohudumia askari wastaafu, aliwagawia wazee ishirini kifaa kipya kilichoitwa kihesabu hatua. Kilikuwa kidude cha plastiki, kikubwa kidogo kuliko kiberiti, chenye kioo kama cha saa ya dijitali. Unakibana kwenye mkanda, na kila unapopiga hatua, namba inaongezeka. Kiliweza kukumbuka namba za siku saba.

"Lengo ni hatua elfu tatu kwa siku," Sista Severine alieleza. "Kila jioni, mtu wa nyumbani anitumie namba kwa ujumbe wa simu. Mimi ninaiingiza kwenye kompyuta. Nikiziona namba zenu usiku, ni kama nimewatembelea wote ishirini."

"Na mimi nitakuwa nimetembelewa na kompyuta," alisema babu, na foleni nzima ikacheka.

Hata hivyo alijaribu. Siku ya kwanza alivaa suruali yake ya kaki, akaufunga mkanda, akakibana kifaa upande wa kushoto.

"Mbona picha ya kwenye boksi inaonyesha kulia, babu?" aliuliza Otilia.

"Upande wa kulia wa mkanda wa askari ni wa risasi. Mkono ukishuka ukute risasi, usikute kitu kingine. Miaka ishirini na mitano nimekaa hivyo, nitabadilishwa na plastiki?"

Wakatembea mpaka bustani ya Mnazi Mmoja na kurudi. Otilia alimwona babu akikunja kidole kimoja kila baada ya hatua mia, kama alivyofundishwa jeshini. Walipofika nyumbani, jasho likimtiririka, babu alisema, "Elfu moja na mia nane. Haya, soma."

Otilia alisoma kimoyomoyo, akasoma tena.

"Soma!"

"Mia tatu na kumi na moja."

Babu alikichukua kifaa, akakisogeza karibu na macho, akakisogeza mbali. Siku ya pili walitembea njia ile ile, kikasema mia mbili na tisini. Siku ya tatu babu alikitoa kabla hata hajaukaza mkanda, akakitundika kwenye msumari wa koridoni.

"Kidude hiki kinaniambia mimi ni nusu mtu," alisema. "Na hata kisingesema hivyo, mtu mzima kuzunguka mjini bila shughuli anaitwa mzururaji. Mwaka themanini na tatu watu walikamatwa kwa hilo."

"Siku hizi hawakamatwi, babu."

"Basi mimi nimejikamata."

Akarudi kwenye kiti chake, na hakutoka tena.

Jioni ya siku hiyo Otilia alikwenda kwenye kibanda cha mama kumsaidia kubeba masufuria. Alimkuta mama akiongea kwa simu, mgongo ameuelekeza barabarani.

"Kaka, mimi naondoka alfajiri, narudi jioni, nimlinde saa ngapi?" mama alikuwa akisema. "Nasubiri hizo namba za Sista. Kama mpaka Pasaka hakuna mabadiliko, nitamleta Songea akae kwako. Huko atakuwa na watu."

Otilia alisimama na sufuria mkononi. Alikiona chumba chao bila babu. Aliuona mlango wenye kufuli, na yeye akiufungua saa nane, akiufunga, akikaa peke yake mpaka giza liingie, na kelele za Kariakoo nzima zikipita nje bila hata moja kumtaja jina. Hakuna ambaye angemwambia "Ripoti."

"Haya, mwanangu," mama aligeuka. "Sista anaanza kupokea namba kesho. Babu yako anatembea?"

"Anatembea," alisema Otilia.

Neno hilo lilitoka kwa urahisi kiasi kwamba alishangaa.

Kesho yake alipotoka shule alikitungua kifaa msumarini na kusimama nje. Hakuweza kubuni namba tu, kwa sababu kifaa kilikuwa na kumbukumbu, na Sista angekikagua siku ya kliniki. Zilihitajika hatua za kweli, za mtu mwingine, kwa kuwa yeye alipaswa kukaa na babu. Ndipo aliposikia vikombe vikilia: kling, kling, kling. Alikuwa Nurdin, muuza kahawa, mtu mzima wa Kilwa mwenye kofia ya kiua, birika mkono mmoja na vikombe mkono wa pili. Nurdin aliizunguka mitaa ya Sikukuu, Narung'ombe na Livingstone tangu adhuhuri mpaka magharibi.

"Mambo, Mngoni!" aliita Nurdin. "Babu yako bado amejifungia? Mwambie vita vimekwisha, Amini keshakimbia!"

"Poa, mjomba Nurdin. Samahani, naomba univalie hiki. Nataka kujua mtu anatembea hatua ngapi mpaka jioni. Ni mambo ya shule."

Nurdin alikigeuza kidude, akacheka. "Dunia imekwisha! Zamani miguu ilihesabiwa na aliyeichosha. Haya, kibane hapa kiunoni. Lakini nikifika Kilwa kwa hatua zako, unirudishe mwenyewe!"

Saa kumi na mbili jioni kifaa kilisema elfu nne mia nane na sabini. Otilia alikimbia nacho kibandani, na mama akaandika kwa kidole kimoja: ANSELMI 4870. Jibu lilirudi kabla masufuria hayajakauka: HONGERA SANA MZEE WETU.

Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajifuta macho kwa kanga. "Baba yangu anatembea," alisema polepole. "Na mimi nilishaanza kukata tamaa."

Ilikuwa hivyo mwezi mzima. Kila alasiri hatua za Nurdin zilipita mitaani, na kila jioni zikaingia kwenye kompyuta ya Sista Severine zikiwa na jina la Anselmi. Babu alikaa kwenye kiti. Otilia alidhani angefurahi kwa kuwa hakuna tena aliyesema habari ya Songea. Badala yake alianza kukwepa macho ya watu. Mama alipomsifu babu kwa wateja wake, aliinama kufunga kamba za viatu. Babu alipoitaka ripoti, aliitoa haraka haraka, akihofia kuulizwa swali moja zaidi. Hakuwa na mtu wa kushirikiana naye katika uongo ule. Alikuwa ameogopa upweke wa kesho, akajikuta katika upweke wa leo.

Mwanzoni mwa Machi ilikuwa siku ya kliniki. Otilia alikipeleka kifaa dirishani mwenyewe wakati babu amekaa kwenye benchi akisubiri kupimwa. Sista Severine alibonyeza vitufe, akanakili namba saba, akatabasamu. Kisha alilitazama jibu la damu, na tabasamu likapungua.

"Mzee Anselmi," alisema, "sukari yako imepanda hadi kumi na tano. Na wewe unavyojitahidi!"

"Najitahidi kukaa," alijibu babu.

Sista Severine alicheka sana. "Mzee huyu! Haya, kama kutembea kote huko hakujaishusha, basi dawa ni ndogo. Nitazungumza na daktari."

Daktari aliangalia namba kwenye karatasi, akaandika vidonge viwili asubuhi badala ya kimoja. Otilia alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Babu alikuwa amesema kweli na watu wamecheka, kwa sababu ya namba zake Otilia. Nitasema nyumbani, alijiambia. Nyumbani hakusema.

Siku ya tano baada ya kliniki, Alhamisi, alirudi kutoka shule na kusimama mlangoni.

"Shikamoo babu."

Hakukuwa na marahaba.

Babu alikuwa ameegemea upande mmoja wa kiti, shati limelowa jasho chapachapa, mikono ikitetemeka. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumwona. "Lala chini!" alinong'ona. "Wote, lala chini!" Kawa lilikuwa bado limefunika sahani.

Otilia alitoka mbio. Hakujua anakimbilia kwa nani, kwa sababu majirani wote aliowajua walikuwa wamehama. Aliingia kwenye mlango wa kwanza uliokuwa wazi, duka la saa na betri chini ya ghorofa la jirani, la Mhindi mmoja mnene aliyeitwa Chandubhai.

"Babu yangu! Anatetemeka, hanijui!"

Chandubhai aliiweka chini saa aliyokuwa akiifungua. "Ana kisukari?"

"Ndiyo."

"Amekunywa dawa?"

"Viwili. Lakini hajala kitu."

"Basi sukari imeshuka, mimi ninaijua hiyo, miaka ishirini ninaishi nayo. Pratik!" aliita kwa sauti, na kijana mmoja akatokea nyuma ya kaunta. "Soda! Soda ya kweli, siyo yangu ile ya wagonjwa! Upesi!"

Chandubhai mwenyewe aliingia chumbani akihema. Alimkalisha babu wima, akamwangalia kama anaweza kumeza, akampa soda kidogo kidogo, funda baada ya funda. Babu alirusha mguu, ukampata Chandubhai kwenye ugoko. Chandubhai hakuachia chupa. Baada ya robo saa, rangi ilirudi usoni mwa babu, akapepesa macho.

"Chandu," alisema kwa sauti nzito. "Umefuata nini chumbani kwangu?"

"Nimefuata teke," alijibu Chandubhai, akijisugua mguu. "Nimelipata, nashukuru." Alitazama kuta, kiti, redio, kitanda. "Miaka saba tunagawana ukuta, Sajini. Leo ndiyo mara ya kwanza ninaingia kwako. Aibu yetu wote wawili."

Baada ya babu kula, Chandubhai alimsimamisha dereva wa teksi, wakaenda wote zahanati. Njiani, aliposikia kwamba dawa imeongezwa wiki hiyo, aliuliza, "Lakini daktari aliiongeza kwa sababu gani?"

Babu alisema hajui; maneno ya Sista kuhusu kutembea aliyachukulia kuwa utani. Ni mtu mmoja tu ndani ya gari aliyejua.

Sista Severine alimpima babu, akahakikisha yuko salama, akakaa mbele ya kompyuta amekunja uso. "Sielewi," alisema. "Mtu anatembea hatua elfu nne, elfu tano. Kwa nini sukari ipande namna ile, kisha ianguke namna hii?"

Otilia alisimama mbele ya babu, mikono ubavuni, kama alivyosimama kila siku.

"Nina ripoti, babu," alisema. "Ripoti zangu zote za kifaa zilikuwa za uongo. Hatua zile ni za mjomba Nurdin, muuza kahawa. Nilimdanganya naye pia."

"Kwa nini?" aliuliza babu.

"Mama alisema usipopata nafuu utapelekwa Songea. Niliogopa kubaki peke yangu."

Babu hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Otilia kuliko kama angempiga.

"Kule vitani nilikuwa na kijana mmoja niliyempenda. Nilimtuma akakague daraja. Alikuwa amechoka, na aliogopa kuniudhi, akarudi akasema daraja ni salama. Hakulikagua. Tukavuka. Walikufa watatu. Yeye hakufa, na sijui kama alipata kulala usingizi tena. Hakuwa mtu mbaya, Otilia. Alitaka nifurahi."

Otilia alilia, safari hii bila kujificha.

Sista Severine aligeuza kioo cha kompyuta ili wote waone. Kulikuwa na mistari ishirini ya rangi, kila mmoja wa mzee mmoja. "Mstari huu wa kijani ni wako, Mzee Anselmi. Ndio uliopanda kuliko yote. Nimewaonyesha wenzako wauige, kumbe ni wa muuza kahawa. Sasa angalieni huu." Aligusa mstari mwekundu uliolala chini kabisa, umenyooka kama kamba. "Huyu ni Mzee Wilbert wa Gerezani. Kila jioni binti yake ananiandikia sifuri. Siku arobaini, sifuri."

"Hukumkasirikia?" aliuliza Otilia.

"Nimkasirikie kwa nini? Sifuri zile zilinisemesha. Nilikwenda kwao, nikakuta jicho lake moja halioni, anaogopa magari, na binti akiwa kazini hana wa kumvusha barabara. Sasa niambie, siku ambazo babu yako alitembea kweli, kifaa kilisema ngapi?"

"Mia tatu na kumi na moja. Lakini yeye alihesabu elfu moja na mia nane."

"Alikivaa wapi?"

"Kushoto," alidakia babu. "Kulia ni pa risasi."

Sista Severine alijipiga kofi pajani. "Loo! Mzee wangu, kifaa hiki hakina macho. Kinahisi mtikisiko wa nyonga. Mguu wako wa kushoto unauburuta, hautikisiki. Umekibana juu ya mguu usiosema kitu!" Alikichukua, akakibana upande wa kulia wa mkanda. "Haya, nenda mpaka mwisho wa korido, urudi."

Babu alikwenda, akihesabu. Alirudi akihema. "Mia moja."

Otilia alisoma. "Tisini na sita."

Babu alikitazama kifaa kwa muda, kama mtu aliyemchukia jirani kwa kosa ambalo jirani hakulitenda.

"Unaona?" Sista Severine alimwambia Otilia, kwa upole lakini bila kumwonea haya. "Ile mia tatu na kumi na moja ungeniletea, siku ile ile ningeuliza swali hili. Babu yako asingekata tamaa, na mimi nisingemwomba daktari aongeze dawa. Leo tungeweza kumpoteza." Akaandika kwenye faili kwamba dawa irudi kuwa kidonge kimoja, na kwamba asimeze kabla ya kula.

Babu hakuwa anasikiliza tena. Alikuwa akiutazama mstari mwekundu. "Huyu Wilbert alikuwa kikosi gani?"

"Mizinga, nafikiri."

"Mizinga!" Babu alikoroma kwa dharau. "Hao walibebwa kwenye malori mpaka Kampala. Ndiyo maana hawajui kutembea." Aliukaza mkanda. "Anakaa Gerezani sehemu gani?"

Jioni hiyo mama aliambiwa kila kitu. Alimkaripia Otilia mpaka wamachinga wa barazani wakanyamaza, kisha akakaa kitandani, akamvuta karibu. "Ungeniambia unaogopa," alisema. "Na mimi niliogopa peke yangu, sikukwambia." Asubuhi yake Otilia alikwenda kumwomba radhi Nurdin. Nurdin alitikisa kichwa mpaka kofia ikahama. "Kumbe mwezi mzima mimi ni sajini na sina habari! Usirudie, mama. Siku nyingine niombe miguu yangu kwa ukweli, nitakwambia haiazimwi."

Jumamosi babu alivaa suruali ya kaki na kukibana kifaa upande wa kulia, huku akinung'unika. Hakwenda kuzurura, alisema. Anakwenda kumkagua mtu wa mizinga. Walipumzika mara nne njiani. Huko Gerezani, kwenye nyumba za zamani za reli, mzee mrefu mwenye jicho moja jeupe alifungua mlango nusu.

"Nani?"

"Sajini Anselmi Komba, askari wa miguu. Nimesikia huku kuna mtu anayepeleka sifuri kila siku."

Mzee Wilbert alimpima kwa jicho lake zima kutoka kichwani mpaka miguuni. "Wa miguu? Mbona mmoja unaufagilia barabara?"

"Ndiyo. Na wewe utakuwa miguu, mimi nitakuwa macho, mengine tutapatana mbele. Vaa viatu."

"Nina miezi sijavaa viatu, bwana wewe."

"Nitasubiri. Vita vile tulisubiri zaidi."

Mzee Wilbert alivaa viatu. Otilia aliwashika wote wawili wakavuka barabara, gari moja likapiga honi, na wazee wakalitukana kwa pamoja kama waliojuana miaka.

Baada ya wiki mbili hawakumhitaji tena Otilia. Babu alitoka saa saba, akapita dukani kumsalimu Chandubhai, akaenda Gerezani, wakala chakula cha mchana pamoja yeye na Wilbert, wakatembea mpaka Mnazi Mmoja. Kwa hiyo Otilia alipotoka shule aliukuta mlango umefungwa kwa kufuli, kama alivyokuwa ameogopa. Siku ya kwanza alisimama nje na ufunguo mkononi, moyo mzito. Chumba kilikuwa kitupu kweli, na kelele za Kariakoo zilipita nje kweli. Alikaa, akafanya hesabu zake, akasikia upweke wake wote mpaka mwisho. Haukumuua. Kesho yake alibaki uwanjani kucheza rede mpaka saa tisa.

Wiki moja kabla ya Pasaka sukari ya babu ilikuwa imeshuka hadi nane. Mama hakutaja tena Songea. Jioni hiyo alirudi mapema, akatoa simu.

"Namba ngapi leo?"

Otilia alikisoma kifaa, akasita. Mvua ilikuwa imenyesha, na wazee walikuwa wamerudia njiani. "Elfu moja mia mbili na kumi na nne."

"Ni ndogo," alisema mama. "Sista atafikiri nini?"

"Atafikiri mvua imenyesha," alisema babu kutoka kwenye kiti, akivua viatu vyenye matope. Kisha alimwita Otilia asimame mbele yake. "Sikiliza, mjukuu wangu. Mtu anayetaka kukusaidia huja kukutafuta pale ulipomwambia upo. Ukimdanganya, atakwenda kuwasaidia watu wasiokuwepo, na wewe utabaki peke yako palepale chini. Sema ulipo, hata kama ni padogo, hata kama ni pa aibu. Hapo ndipo mkono wake utakapokufikia. Umenielewa?"

"Nimeelewa, babu."

"Basi mpe mama yako namba yangu. Na chini yake aandike ya Wilbert, elfu moja na themanini. Yule wa mizinga asije akasema nimemwacha nyuma."